Maboksi ya Juisi Juu ya Kabati la Mama Mkwe

Sina ugomvi na tunda. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtaani kwetu hapa Nakwa, Babati, imeshasemwa kwamba mimi nachukia matunda, nachukia wagonjwa na nachukia watu wa jumuiya ya kanisa. Tunda halijanikosea. Ninachokichukia ni lile boksi lenye picha ya embe lililokatwa katikati, linadondosha matone kama linalia, na ndani yake embe lenyewe limepita kama mgeni aliyechungulia dirishani akaondoka. Hilo boksi na mimi hatusalimiani. Nikilikuta dukani napita upande wa pili, na lingekuwa na miguu nalo lingenikimbia.

Lilitaka kuondoka na kidole cha mama mkwe wangu. Na aliyelifungulia mlango ni mimi mwenyewe, ndiyo maana hasira yangu haina pa kupumzikia.

Mama mkwe alihamia kwetu sukari ilipoanza kumsumbua. Alitoka milimani, upande wa Mbulu, alikolea watoto kwa kupika pombe mpaka wote wakaota ndevu, isipokuwa binti mmoja. Alikuja na begi, sufuria nyeusi aliyokataa kuiacha, na heshima ya kutosha kata nzima. Mume wangu ni dereva wa lori; kazi yake ni kuendesha na kutokuwepo. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, Mama na cherehani yangu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na saba, kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya mtoto. Mwalimu akisema simameni, nasimama nalo. Lakini nilifaulu, na tangu matokeo yatoke hakuna mtu Babati nzima ambaye sijamfundisha kitu. Muuza nyama nimemfundisha vyumba vinne vya moyo huku ameshika kisu. Fundi wa pikipiki nimemfundisha mzunguko wa mvua. Basi daktari aliposema Mama aache soda na chai ya sukari, nani mwingine angesimama katikati ya sebule kutoa mhadhara?

"Soda ni maji ya rangi," nikasema. "Mwili wa mgonjwa unataka vitamini, na vitamini iko kwenye tunda. Kuanzia leo, Mama, ni juisi. Bilauri asubuhi, bilauri mchana, bilauri jioni."

"Kama dawa?" Mama akauliza.

"Kama dawa, Mama."

Aliyelipokea neno hilo kwa mikono miwili ni wifi yangu, yule binti. Anakaa Maisaka, ana familia yake na kibanda cha nguo za mitumba, hawezi kuja kila siku. Akaanza kuja kila Jumapili baada ya misa na maboksi mawili, moja la embe, moja la nanasi. Watu wa jumuiya nao wakasikia kwamba mgonjwa wetu anatumia juisi, wakaacha kuleta maziwa. Ikawa maboksi.

Na kwa Mama zawadi ya mgonjwa haiwekwi kando. Hivyo ndivyo walivyomlea kwao: mgeni akileta kinywaji, kinafunguliwa mbele yake, na mgonjwa anakunywa huku anatazamwa, ili aliyeleta ajue amepokelewa. Usipoonja umemrudisha mlangoni. Wageni wanne kwa siku, bilauri nne, na tatu za kwangu juu yake. Yasiyofunguliwa yalipangwa juu ya kabati, picha zikitazama mlango. Mtu akiingia jicho la kwanza lilikwenda kwenye kabati, la pili ndiyo kwa mgonjwa. Ilifika mahali ukuta ule wa maboksi ukaziba picha ya Bikira Maria mpaka kifuani, na mimi nikajisifu kwamba mama mkwe wangu anatunzwa.

Kidonda kilianza na kandambili. Ukanda ulimsugua kidole gumba cha mguu wa kushoto, likatokea lengelenge dogo kama punje ya dengu. Wiki ya kwanza tukapaka mafuta. Ya pili lengelenge likapasuka. Ya tatu kidole kilikuwa na rangi ambayo sikuipenda na harufu ambayo sikuipenda zaidi, nikakodi bajaji tukaenda hospitali.

Daktari alikibonyeza pembeni kwa kijiti, Mama hakushtuka. Hilo ndilo lililomfanya daktari akunje uso.

"Husikii, Mama?"

"Nasikia unaongea."

Akapima sukari, akakitazama kipimo, akampa muuguzi naye akitazame. Kisha akasema bila kuzunguka: sukari ikikaa juu namna hii, kidonda hiki hakitafunga, na kisipofunga, kidole kinakatwa kabla ubaya haujapanda mguuni. Alitupa dawa, akatupa wiki tatu, na katikati turudi kupima.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani puani, sauti ya mtu aliyekwishasikia uongo wote. Akaanza kuniuliza anachokula. Nikajibu kama niko kwenye mtihani wa kumaliza.

"Soda?"

"Tuliacha kabisa."

"Chai ya sukari?"

"Anakunywa bila sukari."

"Ugali?"

"Kidogo, na mboga nyingi."

"Sasa sukari inaingilia wapi, dirishani?" Akaangalia karatasi yake. "Juisi?"

"Hiyo ndiyo anatumia," nikasema, na nakumbuka nilivyonyoosha shingo. "Ya matunda. Ya boksi, safi."

Akaweka kalamu chini. "Kiasi gani?"

"Bilauri tatu. Wageni wakija, zaidi."

"Nani alimwambia?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama akaninyooshea kidole. "Huyu. Amesoma."

Nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya soko lote. Nimewahi kushona suruali ya bwana harusi miguu yote miwili ya kushoto. Siku zote hizo nilikuwa mtu mwenye bahati nikilinganisha na dakika ile. Muuguzi hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Mama, umemtoa soda mlango wa mbele ukamwingiza mlango wa nyuma amevaa kofia ya embe. Nenda kasome nyuma ya boksi."

Nilirudi nikapanda kiti, nikashusha boksi la kwanza. Mwalimu wetu wa bayolojia alitufundisha kwamba kwenye orodha ya kilichomo, kinachotangulia ndicho kingi, kinachofuata ni kidogo zaidi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilikijua hicho. Nilikiandika kwenye mtihani. Lakini miezi yote ile sikuwahi kugeuza boksi. Nilisoma upande wenye picha, kama mtoto wa chekechea.

Maji. Sukari. Halafu ndiyo rojo la embe. Halafu asidi, halafu ladha, halafu rangi, na vitamini imetiwa kwa nje kama mtu anayempaka poda maiti. Na chini kabisa, kwa herufi ambazo hata sisimizi angeomba miwani: kinywaji chenye ladha ya embe. Hawakuandika kwamba ni embe. Nikashusha la nanasi, ndugu wa yule yule. Nikashusha la machungwa. Nilishusha kumi na saba, nikayasoma yote, na kila moja lilinitukana kwa lugha mbili.

Jioni ile nilimweleza Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwezi jana ilikuwa dawa."

"Nilikosea, Mama."

"Na mwezi ujao itakuwa nini?"

Mtu aliyekuamini mara moja kwa sababu umesoma, mara ya pili hakuamini kwa sababu hiyo hiyo.

Nikafanya ujinga wa pili. Nikayaficha maboksi yote chini ya kitanda changu, na nikaenda sokoni kununua maembe halisi, yenye nyuzi, yenye kunata mkononi. Nikajisemea, kama kosa ni kiwanda, mimi ndiye nitakuwa kiwanda. Kila asubuhi nilisaga jagi zima bila sukari hata chembe, nikachuja likawa laini, Mama akanywa na kusifu. Baada ya wiki moja tukarudi kupima. Kipimo kilishuka kidogo sana, kama mtu anayeshuka ngazi moja kumridhisha anayemwita, akagoma hapo hapo.

"Haiwezekani," nikamwambia muuguzi. "Nimetengeneza kwa mikono yangu."

"Jagi moja, maembe mangapi?"

"Sita."

"Mpe maembe sita ayatafune. Atamaliza?"

Mama akacheka kwanza. "La pili tu nimeshiba."

"Basi," muuguzi akasema. "Unamnywesha sita kwa dakika mbili, na nyuzi zilizokuwa zimfanye aache umezitupa kwenye kichujio. Mpe kipande cha embe, atafune polepole, na maji. Maji, mama, yale ya bombani, chemsha. Na huyo aliyenitajia Mama wakati wa kupima, anayemletea maboksi pembeni, zungumza naye."

Nikashangaa. "Pembeni wapi?"

Mama akawa anaangalia dari.

Ndipo nikajua kwamba wifi yangu alikuwa anapita siku za kazi, saa ile ninapopeleka nguo kwa wateja, na maboksi madogo yale ya mrija ndani ya mkoba. Mama alimwambia kwamba siku hizi kwa kaka yake hapewi juisi ya boksi, imefichwa chini ya kitanda changu. Hakusema uongo, alisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli inasafiri kwa bodaboda.

Wifi alinijia siku hiyo hiyo. Aliingia bila hodi, akaenda moja kwa moja chumbani kwangu, akainua shuka, akayakuta maboksi kumi na saba yamepangwa kama matofali.

"Kumbe," akasema. "Unamnyima mama yangu, unajiwekea akiba. Unafungua duka, wifi?"

"Wifi, kaa nikueleze. Hayo ni sukari."

"Sukari ni ya kwenye chai. Hii ni matunda, macho hunayo?" Akaligonga lile embe la picha kwa ukucha. "Ulisema mwenyewe. Sebuleni hapa, ulisimama kama mbunge."

"Nilisema ujinga."

"Na leo ndiyo umepata akili? Cheti chako cha jioni kinaisha muda wake kila mwezi kama vocha?"

Nilimjibu. Sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba mapenzi ya Jumapili ni rahisi, jaribu ya Jumatatu ya kusafisha kidonda. Akaniambia kwamba mimi nimeolewa na nyumba ile, yeye amezaliwa na yule mama, na tofauti hiyo haisomwi darasani. Tulipandisha sauti mpaka kuku wa kule kijiji cha Mutuka wakakatiza usingizi wa mchana. Mama alikaa kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli, akatutazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani wakipigana. Alipochoka akasema, "Mkimaliza, mmoja aniletee maji." Hatukumaliza. Wifi aliondoka akaubamiza mlango, na kuanzia siku ile habari ikawa mtaani kwamba mkwe anamnyima mgonjwa zawadi zake.

Kilichonitisha si maneno. Kidole kilikuwa hakijabadilika. Nilikisafisha kila asubuhi kwa maji ya chumvi kama nilivyoelekezwa, nikakiona, nikakinusa. Zilibaki siku kumi na mbili.

Jumamosi jumuiya ilikuja kusali kwetu. Nilijua kitakachotokea kama ninavyojua mkato wa suti: watasali, watatoa maboksi, mwenyekiti atafungua moja, Mama atapewa bilauri, na watu kumi na tano watasubiri anywe. Wifi angekuwepo. Nikimpokonya Mama bilauri mbele yao, basi bora nihame na mkoa.

Kwa hiyo kabla hawajaanza, niliwasha jiko la mkaa pale nje karibu na dirisha. Nikachukua sufuria pana, ile nyeusi ya Mama, nikamimina boksi zima la embe, moja la yale ya chini ya kitanda. Nilitaka maji yake yakauke, kisha niwaonyeshe kilichobaki kwenye kitako cha sufuria. Mbinu ilikuwa hiyo tu, haina hekima kubwa. Nikaingia nikapiga magoti na wenzangu, rozari ikaanza.

Fungu la kwanza likapita, la pili, la tatu. Fungu la nne nikaanza kunusa. Kwanza tamu, kisha nzito, kisha ile harufu inayokaribia kuungua na kushika koo. Mwenyekiti alikuwa katikati ya Salamu Maria, naapa, alipofika "umejaa neema," Mama akainua kichwa.

"Nani anapika pombe?"

Sala ikakatika. Mtu mmoja akakohoa.

"Mama, tunasali," wifi akanong'ona.

"Salini. Mimi nauliza nani ameweka sukari guru motoni. Inaanza kuungua, itoeni."

Nilitoka nikaipua sufuria, nikaingia nayo. Sikuwa na haja ya kutoa hotuba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuitoa. Nikaiweka mbele yake na mwiko. Chini palikuwa na rojo la kahawia linalovuta.

Mama akachota, akainua mwiko, akaliacha lianguke. Lilishuka kwa uzi mmoja mrefu, halikukatika. Akautazama ule uzi kwa jicho moja, kama fundi anavyotazama ubao umenyooka au umepinda. Ule mkono ulikuwa umejaza mapipa ya pombe maisha yake yote, haukuhitaji kidato.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwenye boksi la embe, Mama. Moja tu. Sikuongeza kitu."

"Muongo," wifi akasema. "Ametia sukari yake mwenyewe, nani alimwona?"

Mama akanyoosha mkono kwa boksi lililokuwa mapajani mwa mwenyekiti. "Leta hilo. Washa tena."

Basi rozari ikahamia uani. Watu wazima kumi na tano wakazunguka jiko kutazama juisi ikichemka, wengine na rozari bado mkononi. Wifi mwenyewe ndiye aliyefungua boksi na kumimina, ili nisilete uchawi wangu, na ndiye aliyekoroga. Ilichukua muda. Ilichukua muda ambao ungetosha kumlipia mtu kitubio. Ilipoanza kuvuta, Mama akaagiza mwiko.

"Embe nimekula tangu sina meno," akasema. "Embe lina nyuzi. Lina kamba za kukukwama hapa." Akagusa jino alilobaki nalo mbele. "Ziko wapi?"

Akauchovya mwiko tena.

"Hii ukitia kimea, kesho kutwa inamlaza mtu. Nimepika hii, watoto wakasoma. Nilikuwa naweka kipimo, sikuwa nampa mtu anywe kavu kavu asubuhi, mchana na jioni." Akamgeukia binti yake. "Unanileteaga pombe isiyochacha, mwanangu. Na mimi nakunywa kwa sababu umeileta wewe."

Nikiri kitu hapa, kwa kuwa kule uani sikukikiri. Hata embe la shambani, ukilikamua na kulichemsha, litaacha utamu wa kuvuta. Yale majagi yangu ya maembe sita sita yangetoa rojo lao vile vile. Nililijua hilo nikiwa nimesimama palepale, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nashinda na sikuwa na moyo wa kujiangusha mwenyewe.

Wifi alikuwa bado ameshika mwiko. Hakulia. Alisema taratibu, "Sasa mimi nitaleta nini, Mama?"

"Njoo mikono mitupu."

"Nije mikono mitupu, watu waseme nini?"

"Watasema umekuja."

Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa utaratibu, akauliza kama jumuiya inaweza kurudi kwenye maziwa. Mama akasema inaweza, na mchicha pia, na kunde. Kisha akataka wamalizie sala, kwa sababu fungu la nne lilikuwa linaning'inia hewani na hapendi deni kwa Mbinguni.

Siku iliyofuata maboksi kumi na sita yaliyobaki chini ya kitanda yalirudi dukani kubadilishwa na sabuni na maharage. Mwenye duka alininunia mwezi mzima. Namshukuru, imenipunguzia salamu.

Siku ya daktari tulikwenda watatu. Wifi alifunga kibanda chake, akaja bila kualikwa, akakaa upande wa kulia wa Mama. Mimi nikakaa kushoto, na Mama katikati akila kipande cha embe kwa mwendo wa kobe. Hatukusemeshana. Muuguzi akapima, akapima tena, akaandika. Daktari akafungua bandeji. Nyama ya pembeni ilikuwa imekuwa nyekundu ya kawaida, ile ya mtu aliyeumia na anapona. Akabonyeza kwa kijiti.

"Unaniumiza," Mama akasema.

Daktari akatabasamu kama mtu aliyelipwa. Akasema kidole kinabaki, tuendelee hivyo hivyo, turudi baada ya mwezi.

"Nilijua mafuta ya mnyonyo yatafanya kazi," wifi akamwambia daktari. "Nilimpaka mwenyewe juzi."

Nilivuta pumzi ya kujaza gunia. Kichwani nilikuwa na hotuba yenye utangulizi, sehemu tatu na hitimisho. Nikaangalia pale chini. Wifi alikuwa ameshapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali na gauni lake la kanisani, anamvisha mama yake kiatu, anaupitisha ukanda polepole mbali na kile kidole, anapuliza kama mtu anayepuliza chai ya mtoto.

Nikaenda dirishani kuchukua dawa. Akichukua sifa, achukue. Kidole si changu.